Darasa la sanaa la Jumamosi pale Sinza: nimelipa miezi saba, nasema nilichokiona

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Keko. Nikimuuzia mtu kitanda kikaanza kulia usiku, kesho yake asubuhi yuko mlangoni kwangu na maneno yake. Kwa hiyo nami nikitoa hela yangu, nakagua. Tangu mwezi wa pili mpaka wa nane nimemlipia binti yangu wa kidato cha tatu darasa la sanaa la kila Jumamosi pale Sinza: kuchora, ngoma na maigizo, vyote ndani ya ada moja. Majirani watatu wameshaniuliza kama na wao wapeleke wanao, na kila mara nawajibu nusunusu kwa sababu mteja amesimama. Leo umeme umekatika, mashine ya randa imelala, nimekaa juu ya rundo la mbao. Naandika lote.

Jina la mahali siliweki. Kwanza hapana hata bango, wanafunzi wenyewe wanapaita "kwa Mwalimu" basi. Pili, mengine nitakayoyasema hayatawafurahisha watu ambao Jumamosi ijayo nitawasalimia.

Ni nyumba ya kupanga kama nyumba nyingine za Sinza. Chumba cha mbele, kile ambacho kwa wengine kingekuwa sebule, ndicho cha kuchorea. Kina madirisha mawili makubwa na sakafu imejaa madoa ya rangi hadi huwezi kujua simenti ilikuwa na rangi gani. Uani pana mwembe, na chini ya mwembe ndipo ngoma zinapopigwa. Pembeni kuna banda la bati la maigizo. Watoto nimewahesabu siku niliyokwenda mara ya kwanza: 22, wengi wa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na wawili wakubwa wa kidato cha tano. Wanaanza saa tatu asubuhi, wanaachiwa saa saba mchana.

Kuhusu hela. Kuandikishwa ni shilingi 20,000, mara moja. Ada ni 60,000 kwa mwezi, yaani 15,000 kwa Jumamosi kama mwezi una Jumamosi nne; ukiwa nazo tano, ya tano ni bure, hilo nawapongeza. Walituambia vifaa vimo ndani ya ada. Vimo kweli, ila ukifika wa tatu kwenye foleni ya penseli unakuta zimebaki za HB tu, na za HB kila mtoto anazo za shule. Nikaenda Kariakoo nikanunua mwenyewe 2B, 4B na 6B, zile laini zenye weusi zaidi, mbili mbili, na daftari la karatasi kubwa. Mnunulie mwanao tangu siku ya kwanza. Mwandikie jina kwenye penseli, sifanyi mzaha.

Halafu nauli, ambayo hakuna aliyenitajia. Kutoka kwetu ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Mwanafunzi analipa 200, mtu mzima 600. Sasa Jumamosi mtoto hajavaa sare, na konda wa Dar es Salaam hana imani na kitambulisho. "Sare iko wapi? Leo shule gani?" Kwa hiyo badala ya 800 kwa siku ikawa 2,400. Wiki ya tatu binti akaamua kuvaa sketi ya shule. Konda akanyamaza. Ila sketi ikarudi nyumbani na doa la rangi ya mafuta upande wa mbele, kubwa kama sahani ya chai, na Jumatatu ilikuwa inamngoja. Mama yake alichosema siku ile sitakiandika hapa. Tangu hapo anavaa sketi njiani, na kwenye begi ana suruali kuukuu na shati langu la kazini. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza wenye thamani.

Tuje kwenye kuchora, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipoanza na ndipo ulipokwisha.

Wiki ya kwanza binti alirudi na karatasi nne, zote kigoda. Wiki ya pili, kigoda. Wiki ya tatu namuuliza leo mmechora nini, ananiambia kigoda, ila wamekigeuza. Nikapiga hesabu: shilingi 45,000, kigoda kimoja. Mimi vigoda natengeneza! Jumamosi ya nne nikafunga karakana, nikapanda naye daladala, nimejiandaa kusema.

Mwalimu wa kuchora ni mtu mzima wa makamo, mpole, amesoma Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa, kile kilichoanza mwaka 1981 na siku hizi kinaitwa TaSUBa. Hakubishana nami. Alinipa karatasi na penseli, akanionyesha mahali pa kukaa katikati ya watoto, akasema, "Fundi, na wewe chora."

Nikachora. Nilijiona nimemweza: miguu minne, mirefu sawasawa, kiti juu, pembe zote zimenyooka. Mwalimu akaja, akaiinua karatasi yangu kwa heshima kabisa, akaiweka pembeni ya kigoda chenyewe. "Fundi, hiki ni kigoda cha kichwani mwako. Hiki cha mezani mguu wa nyuma ni mfupi."

Nikaangalia. Kweli, nilipokuwa nimekaa, mguu wa nyuma ulionekana mfupi, na kiti hakikuwa mraba, kilikuwa kimelala kama kaimati iliyokandamizwa. Mimi najua miguu ni sawa kwa sababu nimeikata mwenyewe miaka 20, na ule ujuzi wangu ndio ulionizuia kuona. Kisha akatuambia tusichore kigoda kabisa, tuchore hewa iliyo katikati ya miguu: hii pembe tatu ya hapa, ile pembe nne iliyopinda ya pale. Ukimaliza kuchora hewa, kigoda kinajitokeza chenyewe. Binti yangu aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshamaliza. Cha kwake kilikuwa kimekaa mezani. Changu kilikuwa kinaelea.

Sikusema nilichokuja kusema. Nilirudi nyumbani nimenyamaza.

Basi, kuchora kwa pale ndivyo kulivyo: polepole, na kwa kurudia. Baada ya vigoda wakaingia kwenye kivuli. Dirisha moja linafunikwa kwa shuka, jingine linaachwa wazi, yai linawekwa juu ya kitambaa cheupe, na wanachora kwa mkaa. Mkaa huuhuu wa jikoni, vile vijiti vyembamba vinavyobaki chini ya gunia. Mwezi mzima mikono ya binti ilikuwa kama ya fundi gereji. Lakini mayai yake ya mwisho ungeweza kuyaokota kwenye karatasi. Kwa watoto waliozoea shule, ambako mchoro ni wa moyo wa ng'ombe wa baiolojia na mishale yake, hii ni kazi nyingine kabisa. Na nasikia hata mwalimu wake wa baiolojia ameanza kumwita ubaoni kuchora.

Kitu kimoja nilichokipenda: mwalimu amepiga marufuku twiga. Tembo pia. Na mlima Kilimanjaro wenye jua linalozama. Miezi miwili ya mwanzo haruhusu, kwa sababu watoto wameshaona kwenye maduka ya watalii kwamba hivyo ndivyo vinavyonunuliwa, na wakiruhusiwa watachora hivyo tu hadi kiama. Baadaye ndipo akawapeleka Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga, na mimi nikajipachika kama mzazi msaidizi.

Hapo mimi fundi nilijisikia nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, mtu aliyetoka Kusini kutafuta riziki, hakupita chuo chochote cha sanaa. Alichorea kwenye hadibodi za dari, kwa rangi ya mafuta ya makopo, ileile jamaa wanayopaka baiskeli na mimi napaka mageti. Mwaka 1972 akafa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, amechora miaka minne tu. Miaka minne, na leo jina lake ni jina la aina ya picha. Pale unawaona wamekaa chini, mmoja anapaka rangi ya nyuma kwanza, anaiacha ikauke, ndipo mnyama anaingia juu yake, na mwisho nukta, nukta, nukta. Rangi yenyewe inang'aa kama mlango mpya. Mwalimu aliwaambia watoto wasiangalie mnyama, waangalie jinsi ukingo wa rangi ulivyo safi. Mimi niliangalia ukingo na nikajionea haya kwa mageti yangu.

Safari ya pili ilikuwa Mwenge kwa wachongaji. Huko mimi ndiye niliyekuwa mwalimu kwa nusu saa. Watoto walikuwa wanashangaa vinyago vya ujamaa, wale watu waliopandana mmoja juu ya mwingine kwenye gogo moja, nikawaambia ebu viinueni kwanza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ukiukata, katikati ni mweusi, pembeni una gamba jeupe la manjano. Kama kinyago ni chepesi na cheusi kote hadi ndani ya mikunjo, nusa: huenda ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Mchongaji mmoja alinitazama kwa jicho baya, mwingine akacheka sana. Nikawaambia pia kwamba mpingo huu wa Kusini, Kilwa na Lindi, husafirishwa kwenda Ulaya kutengenezwa klarineti. Mwalimu wa kuchora alikuwa halijui hilo, na nilifurahi kuliko inavyostahili.

Kwa hiyo kuchora: hapo sina deni na mtu. Kama wangekuwa wanafundisha hicho tu ningelipa bila kuuliza.

Ngoma anafundisha mama mmoja ambaye watoto wote wanamwita Bibi, ingawa akisimama kucheza unaona kabisa jina hilo si lake. Kabla ya kipindi anawasha vijiti kidogo uani, ngoma zinaoteshwa moto hadi ngozi ikaze, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anarudisha motoni. Watoto wa simu hawa, hilo peke yake liliwanyamazisha. Anawafundisha lizombe ya Wangoni, mganda, bugobogobo ya Wasukuma yenye majembe, na sindimba ya Wamakonde.

Kwenye sindimba nyumbani kwetu palikuwa na kikao. Mke wangu ni mtu wa madrasa, na sindimba, mnaijua, kiuno hakipumziki. Alisema mwanawe hachezi. Mimi nilikuwa sina upande, ada imeshalipwa. Tukamwendea Bibi wote wawili. Nilitegemea atatuambia hii ni sanaa, ni utamaduni, yale maneno ya kwenye semina. Hakusema hivyo. Alisema, "Mama, uko sahihi kuuliza. Hii ni ngoma ya watu wa jando na unyago, ina mahali pake. Hapa nafundisha miguu na mapigo. Asipotaka kucheza, apige." Akamkalisha binti nyuma ya ngoma kubwa, ile ambayo wavulana walikuwa wanaigombania.

Miezi minne sasa binti yangu ndiye anayeshika mapigo, na wavulana wanacheza kwa kumfuata yeye. Mke wangu alikwenda kuangalia mara moja, akasimama chini ya mwembe na mtandio wake, na nikaona mguu wake wa kulia. Sikusema kitu. Ndoa ni kujua wakati wa kunyamaza.

Bibi pia ana marimba ya mkono, ile ilimba ya Wagogo, ambayo alinikabidhi imekufa nusu. Kwangu ilikuwa somo jipya: kisanduku cha mbao, juu yake vyuma vilivyopondwa vikawa bapa, na kuna katundu kadogo kamezibwa na utando wa buibui ili sauti ivume kama nyuki. Sanduku lilikuwa limepasuka kwenye maungio. Niliunga kwa gundi na kipande cha mninga, vyuma viwili nikavifua upya kutoka kwenye misumari ya inchi nne. Utando wa buibui nilimwachia yeye, karakana yangu inao mwingi lakini sijui upi unafaa. Inalia. Hakunilipa wala sikudai, na mwezi ule binti alipochelewa ada kwa wiki mbili hakuna aliyemuuliza.

Haya. Sasa maigizo.

Mwalimu wa maigizo ni kijana, ana sura nzuri, ana sauti nzuri, na ana simu nzuri. Hiyo ya tatu ndiyo tatizo. Kipindi chake ni cha mwisho, kuanzia saa sita kasoro, na siku tano kati ya zile nilizofika mwenyewe aliingia saa sita na dakika kadhaa. Akiingia, dakika za mwanzo ni nzuri, nakiri. Anawalaza chali sakafuni, daftari juu ya tumbo, wapumue hadi daftari linyanyuke; kisha wanasimama na kutamka sentensi moja mpaka mtu aliye chini ya mwembe asikie bila wao kupiga kelele. Binti yangu alikuwa akisoma risala shuleni unadhani anamnong'oneza mbu. Sasa anasikika. Hiyo ni kazi ya kijana huyu na simnyimi.

Lakini baada ya hapo inatoka simu. Watoto wanapangwa, wanafanya kipande cha nusu dakika, kinarekodiwa, kinarudiwa, kinarekodiwa tena. Wengine 15 wamekaa ukutani wanangoja. Kisha kipande kinapandishwa mtandaoni kwenye ukurasa wa kijana mwenyewe. Mimi nilijua hivyo kwa kuonyeshwa na mteja: "Fundi, huyu si mwanao?" Ni yeye, analia machozi, anapigwa na baba mlevi. Sikuombwa ruhusa, mama yake hakuombwa, na waliochangia maoni pale chini hawakuwa wote watu wa adabu. Nilikwenda nikaomba kifutwe. Kikafutwa baada ya siku tatu, na niliambiwa kwamba wazazi wengine hufurahi. Huyu ni mtoto wa kidato cha tatu. Uliza jambo hili siku ya kuandikisha, na upate jibu la maandishi.

Na hadithi zenyewe! Baba mlevi. Mama wa kambo mkatili. Msichana wa kijijini anayedanganywa mjini. Miezi saba, hadithi hizo tatu zinabadilishana nguo. Mwalimu wa kuchora kawakataza twiga; nani atamkataza huyu mama wa kambo? Siku moja kijana hakutokea kabisa, Bibi akashika kipindi. Akakaa kwenye kigoda (kilekile), akasema "Paukwa!" Banda zima likaitika "Pakawa!" Akawaanzishia habari ya sungura na fisi, akaikata katikati, akawaambia wamalizie kwa miili yao, bila neno hata moja. Nilikuwa nimekuja kumchukua binti mapema nikajikuta naangalia hadi mwisho. Kulikuwa na mvulana mmoja mnene, mkimya, ambaye aliwahi kuniambia maigizo hayapendi. Alikuwa fisi. Sijaona fisi kama yule hata mbugani, ingawa mbugani sijafika.

Onyesho la mwezi wa saba nilisimulie kwa ufupi kwa sababu bado linaniuma. Fulana ya lazima, 15,000, ina jina la kijana mgongoni. Kiingilio kwa wazazi, 5,000, kumwangalia mtoto wako mwenyewe. Liliandikwa saa nane, likaanza saa kumi kasorobo kwa sababu vipaza sauti vilichelewa, halafu vilipofika vikawa vinapiga mluzi. Ngoma haikuhitaji kipaza sauti, ikaenda vizuri. Picha za watoto zilitundikwa kwa pini kwenye kanga, wazo zuri sana, upepo ukazigeuza zote zikaangalia ukutani. Kipande cha maigizo kilikuwa cha mama wa kambo.

Jambo jingine la kujua ni mvua. Masika ya mwaka huu, Aprili, uani palijaa maji Jumamosi mbili mfululizo. Hilo si kosa la mtu, sehemu ile ya Sinza maji yakija yanakuja. Ila tuliletewa ujumbe saa mbili na nusu asubuhi, mtoto yuko kwenye daladala ya pili, na hela ya siku hizo mbili haikurudishwa wala hazikufidiwa. Hata mvua ndogo tu, kwenye banda la bati hasikiki mtu. Ukilipia Aprili, ujue unalipia nusu.

Choo ni kimoja, kisafi. Maji ya kunywa beba yako. Mama lishe wa nje anauza wali maharage mzuri. Kuhusu usalama, geti linafungwa na Bibi ndiye mwenye ufunguo. Mtoto hatoki kabla ya saa saba bila mzazi kupiga simu, na hapo hawana mchezo.

Wazazi wengi wanauliza: itamsaidia nini shuleni? Shuleni kwa binti yangu hakuna somo la sanaa, hakuna mwalimu wa muziki, kuna ngoma moja iliyotoboka ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Uchoraji, muziki na sanaa za maonyesho ni masomo yanayotahiniwa kidato cha nne, lakini shule zenye kuyafundisha ni za kutafuta kwa tochi. Darasa hili halimwandai mtoto kwa mtihani huo, msidanganyike. Mwanao akitaka kuendelea baada ya kidato cha nne, TaSUBa ipo, kilomita 70 hivi kutoka mjini, na mbele zaidi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa. Mwalimu wa kuchora anazungumza na watoto habari hizo kwa utulivu, anawaambia na ugumu wake: kwamba mwenzake waliyesoma naye leo anaendesha bajaji. Kijana wa maigizo anawaambia watakuwa mastaa. Mnachagua wenyewe wa kumsikiliza.

Hisabati ya binti ilishuka kidogo muhula wa kwanza, ikarudi muhula wa pili, na sioni kama kigoda kinahusika kwa lolote kati ya hayo mawili. Jumamosi yake ya zamani ilikuwa ya kulala na simu.

Mwezi wa tisa nimeomba nilipe kuchora na ngoma tu. Walisita, kisha wakakubali 40,000, na binti anaondoka saa sita kasoro. Ukiomba na wewe watakukubalia, ila omba kwa Mwalimu mwenyewe. Kwa anayetaka mwanawe aone kwa macho yake na ashike pigo bila kuyumba, apeleke. Kwa anayetaka mwigizaji, angoje hadi yule kijana apate simu mbovu.

Na nimefanya biashara nyingine pale. Watoto walikuwa wanachorea mapajani, shingo zimeinama saa nzima, nikamwambia Mwalimu nitamtengenezea stendi sita za kuchorea kwa paini ya Mafinga, zenye miguu mitatu, na yeye anifutie ada ya mwezi mmoja na nusu. Akakubali. Binti ndiye aliyechora mchoro wa kutengenezea, usiku mmoja tu, kwa 4B, stendi imesimama sakafuni kabisa, hata kivuli kipo. Nikaubandika ukutani karakana, nikamwachia kijana wangu wa kazi aanze ya kwanza, nikaenda kuchukua bawaba.

Kurudi nakuta stendi imelala chali. Kijana alikuwa ameupima mchoro kwa rula, akaukata mguu wa nyuma mfupi kuliko wa mbele kwa sentimita 11.